Breki za Gari Nyumbani: Kununua, Kufunga na Kujaribu Kabla ya Kuingia Barabarani

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa Kata ya Bigwa, Manispaa ya Morogoro

  

Tulipoomba nafasi hii, tuliulizwa kwa nini ofisi inayoshughulikia haki za mlaji ije kuzungumzia breki, jambo ambalo wengi wangetarajia kulisikia kwa askari wa usalama barabarani. Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba kabla breki haijafungwa garini, hununuliwa dukani. Na yule anayeinunua ndiye mlaji tunayepaswa kumlinda. Tena siku hizi wako wengi wanaonunua pedi na diski kisha wakazifunga wenyewe uani, ama kwa kupunguza gharama, ama kwa kupenda kazi ya mikono. Hatukuja kuwakataza. Tumekuja kusema kwamba mtu huyo amejitwika kazi za watu watatu: mnunuzi, fundi na mkaguzi. Kazi mbili za kwanza watu huzikumbuka. Ya tatu ndiyo husahauliwa, nayo ndiyo inayookoa maisha.

Kosa letu wenyewe

Tuanze kwa kukiri kosa. Jumapili moja tulibadilisha pedi za mbele za gari dogo la nyumbani kwetu, katika ua ulio hapa hapa Bigwa. Vifaa tulikuwa navyo, na elimu tulikuwa nayo ya kutosha kutufanya tujiamini. Kazi ilikwenda vizuri. Tulirudisha magurudumu, tukakaza nati, tukashusha jeki, tukawasha gari na kulirudisha nyuma kuelekea langoni.

Kanyagio la breki lilizama hadi sakafuni bila kukamata chochote. Ua ule umeinama kuelekea njia ambayo watoto wa shule huipita kila asubuhi. Tulivuta breki ya mkono, na gari likasimama likiwa limeulalia mgomba ulio kando ya lango. Njia ilikuwa tupu kwa sababu ilikuwa Jumapili.

Jioni ile tulitafuta wa kumlaumu. Tulidhani pedi zilikuwa na kasoro, tukaitafuta risiti ili tumrudie muuzaji. Hatukuipata, kwa kuwa hatukuidai; sisi ambao mshahara wetu hutoka katika kazi ya kuwahimiza watu wadai risiti. Baadaye fundi mzee alitueleza kwamba pedi zilikuwa nzima kabisa. Tulikuwa tumesahau jambo moja dogo, ambalo tutalieleza litakapofika mahali pake. Tunalitangulizia kisa hiki ili msije mkadhani kwamba tunawafundisha kutoka kwenye kiti kirefu.

Kwa nini milima yetu ni mtihani wa breki

Katika magari mengi, kila gurudumu la mbele lina diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Diski hiyo hubanwa na pedi mbili, moja kila upande. Pedi husukumwa na pistoni iliyomo ndani ya kalipa, na pistoni husukumwa na mafuta ya breki unapokanyaga. Msuguano wa pedi na diski hugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na joto hilo hupotelea hewani.

Sasa fikirieni barabara yetu ya kutoka Bigwa kupitia Mkuyuni hadi Matombo na Kisaki, au magari yanayoshuka na ndizi na viungo kutoka Kinole. Chukueni gari lenye uzito wa kilo 1,200. Likishuka kimo cha mita 500 kwa mwendo usiobadilika, joto ambalo lingepaswa kuondolewa na breki peke yake ni sawa na la kulisimamisha gari hilo takriban mara 35 kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Ndiyo maana wazee wa usukani huwaambia vijana washuke mlima kwa gia ile ile waliyopandia: injini hubeba sehemu ya mzigo huo, na breki hupata nafasi ya kupumua. Mwenye gari la gia za kujiendesha naye asishuke mlima mrefu akiwa kwenye D tangu mwanzo hadi mwisho. Atumie gia ndogo aliyowekewa na mtengenezaji.

Pedi iliyotengenezwa kwa malighafi mbaya inaweza kukamata vizuri kabisa katika barabara tambarare ya kuelekea Msamvu, kisha ikapoteza nguvu ikishapata joto mlimani. Hapo ndipo mnunuzi hugundua alichonunua, na hapo si mahali pazuri pa kugundulia.

Dalili za kuisha

Breki hutoa taarifa kabla ya kukataa. Pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma ambacho hugusa diski pindi unene unapopungua, na kutoa mlio mwembamba. Mlio huo umewekwa kwa makusudi. Anayeongeza sauti ya redio ili asiusikie anajidanganya mwenyewe. Ukisikia mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, jua kwamba pedi imekwisha na diski inaliwa. Gari likivutwa upande mmoja unapokanyaga, yamkini kalipa moja imekwama. Kanyagio likitetemeka mguuni, angalieni diski kama haikuliwa kwa usawa.

Pedi mpya huwa na tabaka la msuguano lenye unene wa milimita 10 hivi, na tofauti hutegemea aina ya gari. Likifika milimita 3, msisubiri. Diski nayo ina kipimo chake cha mwisho, ambacho kwa kawaida hugongwa kwenye ukingo au kitovu chake kwa herufi MIN TH na tarakimu za milimita. Diski iliyopungua chini ya kipimo hicho hubadilishwa. Yupo fundi atakayeshauri ipelekwe kwenye kerezo ili isawazishwe. Kerezo halina kosa ikiwa diski itabaki juu ya kipimo chake baada ya kuchongwa. Ikishuka chini yake, mmelipia kuifanya mbaya zaidi. Na diski mbili za ekseli moja hubadilishwa pamoja, vivyo hivyo pedi, ili gari lisivutwe upande mmoja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeahirisha kununua pedi mwezi huu, mwezi ujao hununua pedi na diski.

Dukani

Mwendee muuzaji ukiwa na maelezo kamili ya gari: aina, mwaka wa kutengenezwa na namba ya chesesi. Magari mengi yetu ni yale yaliyotumika Japani, na magari mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na breki tofauti. Ikiwezekana, beba pedi ya zamani ukalinganishe umbo, matundu na unene wa bati la nyuma.

Tofautisheni maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Bidhaa bandia ni ile iliyobandikwa jina la mtengenezaji ambaye siye aliyeitengeneza. Bidhaa hafifu ni ile isiyofikia kiwango, hata kama jina lililo juu yake ni la kweli. Pedi isiyo ya kampuni iliyotengeneza gari lenu si lazima iwe mojawapo ya hizo. Wapo watengenezaji wengine wa spea wanaofanya kazi nzuri kwa bei nafuu. Kinachotakiwa ni kwamba muuzaji aseme ukweli juu ya anachouza.

Tazameni boksi. Je, maandishi yana makosa ya tahajia? Rangi imechujuka? Namba ya spea iliyo kwenye boksi inafanana na iliyogongwa kwenye pedi? Kuna jina la mtengenezaji na namba ya toleo? Kisha shikeni pedi yenyewe. Tabaka la msuguano lisiwe na nyufa, lisimeguke ukingoni kwa ukucha, wala lisiachie mwanya kati yake na bati. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni swali linalodai jibu. Pedi zilizokwisha kutumika msizinunue kamwe, hata zikiwa nene, kwa kuwa hamjui zilipata joto gani wala zilimwagikiwa nini.

Mwisho wa ununuzi ni risiti. Hakikisheni imeandikwa jina la bidhaa na namba yake, si neno “spea” peke yake. Tunzeni pia boksi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kufanya jambo linalompotosha mlaji au linaloelekea kumpotosha, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inashughulikia alama za biashara zilizoghushiwa. Malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani. Ya bidhaa isiyokidhi viwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Lakini mlalamikaji asiye na risiti wala boksi huja na maneno matupu, na muuzaji naye huja na yake.

Uani

Kazi ifanyike mahali tambarare na pagumu. Kama ua wenu umeinama kama wetu, tafuteni mahali pengine. Zuieni magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo, na mvute breki ya mkono. Legezeni nati kidogo gari likiwa bado chini, kisha mlinyanyue. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Gari likishapanda, liwekeni juu ya stendi za chuma zinazoweza kubeba uzito wake. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Asiye na stendi hana sababu ya kuianza kazi hii.

Shughulikieni upande mmoja kwanza, na kuuacha wa pili kama ulivyo, ili mkisahau mpangilio muwe na mahali pa kuangalia. Fungueni bolti za kalipa, muitoe, na kuitundika kwa waya. Msiiache ining'inie kwenye mpira wa breki, kwa kuwa mpira unaweza kupata madhara ya ndani yasiyoonekana. Uangalieni mpira huo pia: ukiwa na nyufa au unyevu wa mafuta, kazi imekuwa ya fundi.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Baadhi ya pedi, hususan za zamani, zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani. Futeni kwa kitambaa kibichi, na watoto wakae mbali.

Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Isafisheni pande zote mbili kwa kimiminika cha kusafishia breki kabla ya kuifunga, na mkwangue kutu iliyo kwenye kitovu inapokaa, ili diski isikae mshazari. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zipakwe grisi maalumu ya breki. Uso wa pedi na wa diski usiguswe na grisi yoyote. Ukiguswa, usafishwe kabla ya kuendelea.

Ili pedi mpya zenye unene zipate nafasi, pistoni lazima isukumwe irudi ndani. Fungueni kwanza kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, kisha msukume polepole kwa klempu, huku mwenzenu akitazama kopo lisifurike. Mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Pistoni ikigoma kurudi, au ikivuja, acheni hapo. Msilazimishe.

Mkishamaliza pande zote mbili, kazeni bolti za kalipa kwa kipimo kilichotolewa na mtengenezaji. Nati za magurudumu zikazwe kwa kupishana, si kwa kufuatana kwenye duara, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kazi zisizo za uani

Ziko kazi ambazo tunawasihi mziache gereji. Kalipa za nyuma za baadhi ya magari zimeunganishwa na breki ya mkono, na pistoni yake hurudi kwa kuzungushwa. Anayeisukuma kwa nguvu huiharibu. Baadhi ya magari yanayotumia umeme na petroli yana breki zinazoendeshwa na kompyuta, ambazo zinaweza kujibana zenyewe wakati vidole vyako vimo ndani. Na kila mara mfumo wa mafuta unapofunguliwa, hewa huingia na ni lazima itolewe kwa utaratibu. Asiyeujua asijifunzie kwenye gari litakalobeba familia kesho yake.

Mafuta ya breki yenyewe yana umri. Hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Kwa daraja la DOT 3, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa yakiwa mapya ni nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho ni nyuzi 140. Mafuta yaliyochemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na kanyagio huzama katikati ya mteremko. Watengenezaji wengi huelekeza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Mwulizeni fundi ni lini yenu yalibadilishwa mara ya mwisho.

Mnapompa fundi kazi, mnabaki kuwa walaji wenye haki. Pataneni bei na aina ya spea kabla hajaanza, mwombeni awakabidhi pedi na diski alizozitoa, na mdai risiti ya kazi pamoja na ya spea. Fundi mwaminifu haoni ombi hilo kuwa ni tusi.

Mkaguzi

Sasa tumefika pale tulipokosea. Pistoni ikisharudishwa ndani, kunabaki nafasi kati yake na pedi. Ukanyagaji wa kwanza hutumika kuijaza nafasi hiyo tu, haubani kitu. Ndiyo maana kanyagio letu lilizama. Kwa hiyo, kabla ya kuliondoa gari hata hatua moja, kanyageni breki taratibu mara nyingi, mpaka kanyagio liwe gumu na libaki juu. Kisha angalieni kiwango cha mafuta kwenye kopo, na mrudishe kifuniko. Washeni injini, mkanyage tena, na mshikilie kwa nusu dakika. Kanyagio likiendelea kuzama polepole, gari lisitoke.

Likikaa imara, liendesheni mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, mahali tambarare pasipo watu, na mlisimamishe mara kadhaa. Baada ya hapo, katika barabara iliyo wazi, pedi na diski mpya zizoeshwe: kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa, punguzeni kwa utulivu hadi karibu 10 bila kusimama kabisa, mpe breki muda wa kupoa, na mrudie mara nane hadi kumi. Kama pedi zilikuja na maelekezo mengine ya mtengenezaji, fuateni hayo. Kwa siku za mwanzo epukeni kubeba mzigo mzito na kushuka milima mirefu.

Ndugu zetu, ukanyagaji ule tulioupuuza ungetuchukua muda mfupi kuliko wa kunawa mikono. Haugharimu hata senti, hauhitaji kifaa, na hakuna sheria inayoweza kuufanya kwa niaba yetu. Sheria inaweza kumwajibisha anayeuza pedi bandia. Haiwezi kukaa uani na kututazama tukiwasha gari. Mgomba ule tuliouegemea ulikatika, nasi tulipanda mwingine mahali pale pale. Kila tunapotoka langoni tunauona, na kabla ya kutoka tunakanyaga breki.